Sababu: Nyingineyo

Uliona, ukageuza uso. Toroli lilipokatika mguu mbele yako, pale penye jengo lisilokwisha, zege likamwagika na kibarua akabaki ameshika mikono miwili ya chuma kama mtu aliyenyimwa salamu, wewe uliliruka lile zege viatu visichafuke, ukaenda zako. Hukuuliza toroli lile lilitoka wapi, wala nani aliliunga, wala kwa nini mafundi wa miaka mingi watoe kitu kinachovunjika kabla ya miezi miwili. Ulisema moyoni, "Ndivyo vitu vya siku hizi," ukaona umekwisha kufikiri. Kaa basi usikilize kilichokuwa nyuma ya ule ukuta unaopita kila siku.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na kiwanda cha matoroli, na mwisho wa karakana ya kuchomelea alisimama Mama Chaki. Kazi yake ilikuwa ukaguzi. Kila fremu iliyotoka kwa mafundi aliigonga kwenye viungo kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kiungo kizima hulia kama kengele, kibovu hukohoa. Kikikohoa, alipiga alama ya msalaba kwa chaki nyeupe na fremu ikarudi kwa fundi. Fundi alichomelea upya, akasaga, akafuta chaki kwa kitambaa, fremu ikaenda kwenye rangi. Miaka kumi na tisa alikuwa akiandika ukweli wa kiwanda kile kwa chaki, na miaka kumi na tisa ukweli huo uliishia kwenye kitambaa.

Na asikudanganye mtu kwamba wakubwa hawakujaribu. Meneja wa kwanza alitundika sanduku la maoni, akaondoka na ufunguo wake. Wa pili alibandika mabango ya "Ubora Kwanza", nayo yalisaidia sana, maana yaliziba nyufa za ukuta. Wa tatu alileta mfumo wa kompyuta.

Mfumo huo ulikuwa wa kuendesha kiwanda kizima: stoo, karakana, rangi, ghala, mauzo, vyote ndani ya kitu kimoja. Kila fremu iligongwa namba, na mwisho wa kila karakana ilifungwa skrini ya kugusa. Fremu ikiwa mbovu, sharti mkaguzi na fundi waingize sababu. Bila sababu, mfumo ulikataa namba ile isisogee hatua moja kwenda mbele.

Jambo jema. Tatizo lilikuwa orodha ya sababu. Iliandikwa ofisini, na aliyeiandika hajawahi kuungua hata na pasi. Ilikuwa hivi: Uzembe wa fundi. Fundi hana ujuzi. Fundi hakufuata maelekezo. Nyingineyo.

Ungekuwa wewe ungegusa ipi? Nao waligusa hiyo hiyo. Hawakukaa kikao wala hawakuapizana. Bomba likitoboka: Nyingineyo. Umeme ukiyumba: Nyingineyo. Fundi akikosea waziwazi mbele ya wenzake, akajicheka mwenyewe: Nyingineyo. Walijiona wajanja, na walikuwa wajanja kweli, na ujanja huo nusura uwazike wote shimo moja.

Jumatatu moja meneja huyo wa tatu aliwakusanya karakanani. Walimwita Bwana Asilimia, kwa sababu hakuwahi kusema "nusu" alipoweza kusema "hamsini".

"Asilimia kumi na moja ya matoroli inaharibika," alisema. "Na sababu? Asilimia tisini na sita ni Nyingineyo. Maana yake nini? Maana yake humu ndani hakuna anayejua anachokiharibu."

Sauti ikatoka nyuma. "Na hizo nne zilizobaki, bosi?"

"Uzembe wa fundi."

"Aliyekiri ni nani? Mleteni tumpe mkono."

Watu wakacheka. Bwana Asilimia aliwasubiri wamalize, kwa upole wa mtu aliyeshika mpini.

"Chekeni. Alhamisi ya wiki ijayo nakaa na mwenye kiwanda, na pendekezo langu liko mezani. Karakana hii inafungwa. Fremu zitakuja zimekwisha kuundwa, kwenye makontena. Sisi tutafunga magurudumu na kubandika nembo."

Kicheko kikakatika. Walikuwa mafundi thelathini na wanane. Kubandika nembo kunahitaji watu wanne.

"Bosi," Mama Chaki akasema, "ile orodha ya sababu aliitunga nani?"

"Ofisi."

"Hiyo ofisi imeshawahi kuchomelea nini?"

"Mama, mimi napokea takwimu. Hasira sina pa kuziingiza."

Akashuka kwenye kreti alilosimama juu yake, akaenda zake. Mama Chaki alibaki ameshika nyundo, na kwa mara ya kwanza hakujua agonge nini.

Wakati wa mapumziko alimkuta wifi yake nyuma ya stoo. Huyu alikuwa dada wa mumewe, karani wa mfumo huko ghorofani, na tangu siku ya harusi hawajawahi kupeana salamu isiyo na mwiba.

"Wifi, huo mdudu wenu wa juu unatuua."

"Mdudu hana kosa. Anakula mnachomlisha. Mnamlisha Nyingineyo asubuhi, Nyingineyo mchana. Ungekuwa wewe usingekonda?"

"Tangu upewe kiti cha kuzunguka umekuwa mtu wa ofisi. Hata kaka yako humjui."

"Kaka yangu namjua sana, ndiyo maana nilimshauri asikuoe. Njoo juu nikuoneshe kitu, bosi ametoka."

Ghorofani wifi alifungua kompyuta. Akagusa Nyingineyo, na chini yake kikafunguka kisanduku cheupe, kitupu. "Hapa mtu anaandika maelezo. Maneno kumi, maneno mia, upendavyo. Tangu mfumo uje halijaingia hata neno moja."

"Sisi hatukuambiwa."

"Wala hamkuuliza. Sasa tazama hii." Akafungua upande wa mauzo. Zikatokea picha, mstari kwa mstari, zilizotumwa na wenye maduka: matoroli yaliyorudishwa. Wifi akagusa namba ya toroli moja, na maisha yake yote yakajitandaza: siku liliyoundwa, fundi aliyeunga, shehena ya mabomba iliyotoka stoo, duka lililouza, na lalamiko la mnunuzi.

Mama Chaki akavuta kiti akakaa. Miaka kumi na tisa hajawahi kuona toroli lililorudi. Yalipokelewa lango la upande wa pili, kwenye mauzo, yakapimwa uzito, yakaenda kuwa chuma chakavu. Kati ya nyundo yake na lango lile kulikuwa na ukuta mmoja wa matofali. Alihesabu picha kwa kidole. Zilikuwa sitini. Katika arobaini na tisa, toroli lilikuwa limekatika mahali pamoja.

"Mguu wa kushoto," akasema.

"Nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi? Sisi tunalipakia mawe, tunalitua wima, miguu miwili kwa pamoja, tunasema limefaulu." Akaikazia macho picha. "Kwa nini kushoto tu?"

Wifi aliinuka, akashika mikono ya toroli la hewani, akalisukuma hadi kwenye kabati, akainua mkono wa kulia ili alimwage. Alipoinua, mwili wake wote uliegemea kushoto.

Kila kibarua aliye hai anamwaga zege hivyo. Mzigo mzima unauegemea mguu mmoja, na kiwanda kilikuwa kikipima miguu miwili, kama mtu anayejaribu ngazi ikiwa imelazwa chini.

Mama Chaki alishuka na habari hiyo, akadhani ataimwaga tu na watu watainywa. Alikosea. Fundi Miwani, mkubwa wa mafundi, hakuinua hata uso kutoka kwenye kazi yake.

"Ukiandika sababu umeandika barua yako ya kufukuzwa, na saini juu. Hiyo skrini ni polisi, mama."

"Ni polisi kwa sababu tumeiachia ofisi peke yake iwe mlalamikaji."

"Waandike wao."

"Wao hawajui, fundi. Anayejua ni wewe."

"Na nitaendelea kujua kimyakimya."

Ukimya huo anaujua kila aliyewahi kuajiriwa. Umejengwa na miaka ya watu walioadhibiwa kwa kusema kweli, na mtu asiuite ujinga. Lakini unaweza kuwa na haki ya kunyamaza na bado ukazikwa nayo.

Mama Chaki hakubishana tena. Alitoka hadi kwenye rangi, akarudi anasukuma fremu aliyoipitisha mwenyewe Ijumaa, nyekundu tayari, na ufa umejichora juu ya rangi kama unywele. Akaiweka mbele ya skrini, watu wote wakitazama. Akagusa Nyingineyo, kisanduku kikafunguka, akaandika kwa kidole kimoja huku akisoma kwa sauti kila neno:

"Nililipitisha mimi. Nyundo ilikohoa nikajifanya sikusikia, kwa sababu saa ya kutoka ilikuwa imefika. Ufa uko mguu wa kushoto, juu ya kiungo."

Akaweka jina lake.

"Umejimaliza," Fundi Miwani akasema.

"Mficha uchi hazai, fundi."

"Mimi nina watoto sita."

"Basi wewe ndiye uliyepaswa kunifundisha methali hiyo."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na Fundi Miwani naye akacheka kabla hajaweza kujizuia. Alifuta miwani yake kwa kitambaa kilekile cha chaki, akaja mbele ya skrini, akaandika: "Bomba ni jembamba tangu shehena ya kipindi cha mvua. Moto wa kawaida unalitoboa. Nikipunguza moto, kiungo hakishiki. Nilimwambia meneja mara tatu, akasema bomba ni bomba."

Baada yake ikawa kama bwawa limetobolewa. Mmoja aliandika kwamba meza ya kuungia imepinda, wanaiwekea kipande cha mbao. Mwingine aliandika kwamba baada ya saa nane mchana umeme hushuka na viungo vya saa hiyo si vya kuaminiwa. Kijana wa kusaga aliandika kwamba huwa anasaga kiungo hadi kinang'aa kwa sababu ofisi inapenda king'ae, na king'aavyo ndivyo kinavyokonda. Siku saba za kazi zilileta maelezo mia mbili na kumi na manne. Wifi aliyapanga kwa shehena, kwa saa, kwa mguu, na mfumo uleule uliokuwa ukisema "Nyingineyo" kama kasuku mgonjwa ukaanza kuonesha mambo ambayo hakuna mtu mmoja aliyekuwa akiyajua yote. Stoo ilijua bomba, fundi alijua moto, duka lilijua mguu. Sasa vilikaa meza moja.

Alhamisi ya wiki ile ya kwanza, maelezo yakiwa bado yanaingia, Fundi Miwani aliyatazama kwa muda mrefu.

"Tunahangaika kukiimarisha kiungo," akasema. "Kama kiungo ndicho kinachokatika, kwa nini kiwepo?"

"Mguu utashikaje?" Mama Chaki akauliza.

Fundi Miwani alichukua bomba moja refu, la ile shehena nzito ya zamani iliyobaki stoo, akalikunja mara mbili kama mkono wa ndoo uliopinduliwa. Likawa miguu miwili katika bomba moja, na sehemu ya katikati inalala chini kutoka kushoto hadi kulia. Akalifunga kwenye fremu kwa bolti nne, bila tone la moto. Ukiegemea kushoto, kulia nako kunabeba. Ukichakaa baada ya miaka, mnunuzi anafungua kwa spana anaweka mwingine, hahitaji kutupa toroli zima.

"Hili usilichore ukutani," Mama Chaki akamwambia. "Liingie kule."

Ndani ya mfumo kulikuwa na mahali palipoitwa Agizo la Majaribio. Fundi yeyote au mkaguzi angeweza kufungua, akaomba vifaa stoo, akaeleza anachojaribu na matokeo. Hakuna aliyewahi kupagusa. Mama Chaki alifungua la kwanza: matoroli kumi na mawili. Walipakia kokoto zilizolowa, wakayamwaga kwa kushoto, wakihesabu kwa zamu hadi sauti zikakauka. Mguu wa zamani ulikatika kabla ya mara mia na hamsini. Mguu mpya, matatu ya kwanza yalikwama kwenye mawe kwa sababu bomba la chini lilikaa chini mno. Wakaandika hivyo hivyo, bila aibu, wakalipandisha vidole viwili. Tisa yaliyobaki yalimwaga mara mia nne kila moja. Bolti mbili zililegea, nazo wakaziandika. Hakuna lililovunjika.

Jumanne Bwana Asilimia akayafungua yale maelezo, akasoma. Alisoma "bomba ni bomba". Alisoma shehena aliyoichagua mwenyewe ikitajwa mara tisini. Na Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya kikao, Mama Chaki aligonga fremu ya kwanza ikakohoa, akaenda kwenye skrini, akakuta kisanduku hakipo. Nyingineyo nayo haipo. Zimebaki sababu tatu, na zote tatu zinaanzia kwa fundi na kuishia kwa fundi.

Alisimama pale. Angeweza kugusa moja, yoyote, siku iendelee. Fundi Miwani alikuja, akatazama juu ya bega lake, akazima mashine yake. Kisha jirani yake akazima. Fremu mbovu ilikaa mbele ya skrini, namba yake haisogei, na nyuma yake fremu nyingine zikaanza kupangana hadi mlangoni. Mngurumo ulipotoweka, ndege wa kwenye paa walisikika.

Bwana Asilimia alishuka mbio.

"Nani amesimamisha kazi?"

"Mfumo," Mama Chaki akasema. "Unakataa kusogea bila sababu, na sababu umeifuta wewe."

"Sababu ziko tatu hapo. Chagua."

"Hakuna ya kweli."

"Chagua iliyo karibu na kweli."

"Ndivyo tulivyofanya tangu ulipoileta, bosi, na kwa hilo unataka kutufungia. Leo sigusi. Kidole ni changu."

"Unajua unachokitafuta?"

"Najua. Na nilichokitafuta nimekipata, ndiyo maana umekificha."

Mwenye kiwanda hakuhitaji kuitwa. Mfumo ulimpigia kelele kwenye simu yake kwamba karakana imesimama dakika arobaini, na saa tano kasorobo alikuwa mlangoni, mama wa makamo aliyerithi kiwanda kwa baba yake, na viatu visivyofaa kukanyaga vyuma. Bwana Asilimia alianza kueleza kwa asilimia. Wifi akateremka ngazi na kompyuta mkononi, uso umempauka, maana naye ana watoto.

"Mama, maelezo ya mafundi hayajafutika. Yamefichwa tu. Mfumo hausahau. Haya hapa mia mbili na kumi na manne, na majaribio ya mguu mpya, na hapa jina la aliyeyaficha na saa aliyoyaficha."

Mwenye kiwanda alisoma akiwa amesimama. Alisoma muda mrefu hadi watu wakaketi juu ya fremu. Kisha akaomba aoneshwe. Walimpakilia kokoto toroli la zamani na jipya, akavua viatu, akashika mikono, akamwaga kwa kushoto kama kibarua yeyote. La zamani lililia. Jipya lilikaa kimya.

"Kwa nini sikuambiwa?" akauliza.

"Umeambiwa mara mia mbili na kumi na nne," Mama Chaki akasema.

Mama yule alivaa viatu vyake taratibu. "Sawa. Karakana ibaki. Nawapa miezi mitatu tuone huu mguu."

Watu walianza kushukuru. Mama Chaki hakushukuru. Yeye ana kumbukumbu ndefu. Anazijua rehema zinazopimwa kwa kalenda.

"Hatujaomba miezi. Tunaomba orodha. Sababu ziandikwe na wanaochomelea. Kisanduku kibaki wazi, na asiadhibiwe mtu kwa alichokiandika humo. Majaribio yaendelee kufunguliwa na yeyote. Na lile pendekezo la makontena litoke mezani leo, hapa, tukiona."

"Na nikikataa?"

Mama Chaki akasogea pembeni, akamwachia nafasi mbele ya skrini. "Basi gusa wewe, mama. Chagua sababu iliyovunja toroli hili, tuendelee na kazi."

Mwenye kiwanda alisogea. Alisoma zile tatu. Mkono wake uliinuka, ukakaa hewani, ukashuka. Akamgeukia wifi.

"Unaweza kuifuta orodha hii?"

"Naweza."

"Ifute. Na kikao cha kesho hakina tena ajenda ya makontena. Liandike hilo nalo."

Mafundi waliandika sababu mpya mchana ule ule, wamekaa chini, wakigombana kwa kila neno. Zilifika kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa Bomba jembamba. Ya nane ilikuwa Mkaguzi alijua akapitisha; wenzake walitaka kuitoa kwa heshima yake, akakataa. Mpaka leo matoroli yanaharibika, lakini ni matatu katika mia, si kumi na moja, na kila linapoharibika linaandikiwa maelezo, na maelezo mengine yamekwisha kuzaa beseni la toroli linalochomoka. Bwana Asilimia bado yupo. Anauita ule mguu "ubunifu wetu". Muache auite, namba ya agizo la majaribio ina majina mawili, na lake halimo.

Sasa wewe. Usiseme hicho ni kiwanda cha wengine. Kazini kwako kuna mfumo pia, kuna fomu, kuna skrini, na kuna jambo bovu unalolijua kwa mkono wako mwenyewe, ambalo jana ulilipa jina la uongo ili siku iishe. Hapo hapo ndipo kimelala kitu kipya ambacho kingeweza kuundwa. Usingoje kikao, usingoje meneja wa nne. Inuka, fungua hicho kisanduku, andika kilichovunjika, wapi, na kwa nini, kisha uweke jina lako. Wakikuzuia, ondoa kidole chako kwenye uongo wao na ukatae kugusa. Fanya hivyo sasa hivi, zamu yako ingali inaendelea.